Vumbi la Ndege Iliyotangulia

Mama yangu alipanda ndege kwa mara ya kwanza akiwa haoni. Hakuwa kipofu kabisa. Aliweza kutofautisha jua na kivuli, na mlango wenye mtu na mlango mtupu, lakini nyuso za watu zilikuwa zimempotea. Mtoto wa jicho alikuwa amekomaa pande zote mbili, na daktari wa Kasulu alipompima alikuta jicho la kulia lina presha pia. Akatuandikia tumpeleke Dar es Salaam.

Mimi nafundisha shule ya msingi Kumsenga, wilaya ya Kibondo. Mama anaishi Kitanga, upande wa Kasulu, kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu baba baada ya kuvuka mpaka kutoka Burundi, ndoa yao ikiwa bado changa. Uraia waliupata watoto wakiwa wakubwa. Kwa mama, safari ni kitu cha miguu. Alipokuja nchi hii alikuja kwa miguu, sokoni alikwenda kwa miguu, na hata kanisa lilipohamishwa mbali aliendelea kulifuata hivyo hivyo mpaka macho yalipomkatalia. Ndiyo maana mdogo wangu wa kiume, ambaye ni fundi majokofu huko Dar, aliposema kwenye simu kwamba ametukatia tiketi za ndege kutoka Kigoma, nilidhani mama atakataa. Hakukataa. Aliuliza tu kama mle ndani mtu anakaa au anasimama.

Tulisafiri likizo ya katikati ya mwaka. Ndege yenyewe ilikuwa ya pangaboi, siti mbili upande huu na mbili upande ule. Mama hakuona haja ya kukaa dirishani, akaniachia mimi, yeye akakaa kando ya njia. Ng'ambo ya njia, usawa wake, alikaa mwanamke mmoja ambaye nilimfahamu kwa sura: ana duka la vitenge na mitandio mjini Kasulu. Ni mzaliwa wa Tanga, aliolewa Kasulu, na miaka yote aliyokaa kwetu imemfundisha Kiha vizuri kiasi kwamba wateja wa vijijini humpendea hilo. Husafiri mara kwa mara kufuata mzigo Kariakoo. Alimsaidia mama kufunga mkanda, akamwambia kwa Kiha asiwe na wasiwasi, yeye ndege ameizoea kama baiskeli. Mama akamwuliza habari za watoto, wakazungumza mpaka milima ya kwetu ikabaki nyuma.

Mimi nilikuwa na hofu zangu lakini nilizificha. Nilikuwa nimewahi kupanda ndege mara moja tu, kwa semina ya walimu, na nilichokumbuka zaidi ni masikio kuziba. Safari hii ilikuwa tulivu mno. Juu ya Tabora palikuwa na mawingu machache, kisha hayakuwepo tena. Mhudumu alileta maji na karanga. Mama alizitafuna polepole, akasema ni karanga za watu wavivu, hazikukaangwa zikaiva.

Tulifika juu ya Dar jioni, jua likiwa bado lipo. Ndege iligeuka juu ya bahari ili iingie uwanjani, na ilipolala upande nikaona mbele yetu ndege nyingine, kubwa, tumbo pana, ikishuka taratibu kama haina haraka na mtu. Nilimwambia mama kwamba mbele yetu kuna ndege kubwa mara nne ya hii yetu. Akajibu kwamba basi tuiache itangulie, mkubwa ndiye anayetangulia.

Magurudumu yalitoka kwa kishindo kidogo chini ya sakafu. Bahari ikaisha, mabati yakaanza. Hewa ilikuwa imetulia hata moshi wa jaa moja chini ulikuwa umesimama wima kama mti. Nakumbuka niliutazama huo moshi nikafurahi, nikidhani kwamba siku bila upepo ni siku ya kutua salama.

Halafu bawa la upande wangu likaenda chini.

Halikwenda kama linavyokwenda ndege inapokata kona. Lilianguka, kama mguu wa meza umevunjika. Dirisha langu lote likajaa mabati, niliona kamba ya nguo na nguo zake, niliona beseni la bluu uani kwa mtu. Mwili wangu ukabanwa ukutani na mama akanilalia begani. Nyuma yetu sanduku la mizigo la juu ya viti lilifunguka, begi likaanguka njiani. Kabla sijavuta pumzi, ndege ikarudi upande wa pili kwa nguvu ile ile, mabati yakatoweka na dirisha likajaa anga tupu. Ikatikisika mara nyingine, ndogo zaidi. Kisha injini zikanguruma na nikahisi mgongo ukizama kwenye kiti. Tulikuwa tunapanda juu tena.

Hakuna aliyepiga kelele. Nimewahi kusimuliwa kwamba watu hupiga kelele, lakini sisi tulinyamaza, isipokuwa mtoto mchanga mmoja huko mbele. Mwenye duka alikuwa ameshika viti vyote viwili, cha kwake na cha mbele, akitamka shahada kwa sauti ndogo, anamaliza na kuanza upya. Uso ulikuwa umembadilika rangi. Mimi nilitaka kusema neno la Mungu nikakuta sina hata moja kichwani. Nilichokuwa nakifikiria ni lile beseni.

Mama alijiweka sawa, akatafuta mtandio wake uliokuwa umemwangukia mapajani, akajifunga. Kisha akasikiliza. Alisikia mwenzake ng'ambo ya njia anatetemeka katika maneno yake. Akanyoosha mkono hewani mpaka ukamfikia, akamshika kiganja.

"Buhoro, mwana wanje," alimwambia, yaani taratibu, mwanangu. "Inatafuta pa kukanyaga. Hata kuku akipanda kulala hujigeuza kwanza."

Alisema kwa Kiha, na si wote mle walioelewa, lakini walioelewa waliachia pumzi, na mzee mmoja nyuma yetu akacheka kidogo. Mwenye duka hakucheka. Alikishika kile kiganja kwa mikono yake yote miwili, na hakukiachia tena.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba mama hakuogopa kwa sababu hakujua. Hajawahi kutua. Alidhani kutua ndiko huko. Nikakata shauri papo hapo kwamba sitamwambia.

Baada ya kitambo sauti ya rubani ilitoka kwenye spika. Aliomba radhi kwa Kiswahili cha taratibu, akasema tumekutana na hewa iliyovurugwa na ndege iliyotutangulia, hakuna kilichoharibika, tunazunguka tunarudi kutua upya. Tulizunguka juu ya bahari. Mara ya pili tulishuka kama mtu anavyoshusha mtungi kichwani. Magurudumu yalipogusa chini abiria walipiga makofi, na mama akapiga pia, akiamini ndiyo desturi.

Kwa kuwa mama hutembea polepole, tulikuwa wa mwisho kushuka. Rubani alikuwa amesimama karibu na mlango akiaga watu. Alikuwa mtu wa umri wangu, na shati lake jeupe lilikuwa limelowa mgongoni. Nilimwacha mama na mhudumu atangulie ngazini, nikamwuliza rubani tumepatwa na nini hasa. Nilimwambia mimi ni mwalimu, naomba anieleze nielewe.

Hakunifanyia haraka. Aliinua mikono yake miwili kama mabawa. Akasema kila ndege inapopita huacha nyuma yake vimbunga viwili vya hewa, kimoja kutoka kila ncha ya bawa, vinavyojiviringa kama nguo inayokamuliwa. Ndege ikiwa nzito na inakwenda polepole, kama ile iliyokuwa inatua, vimbunga vyake huwa na nguvu zaidi. Havionekani. Huzama taratibu, na upepo ukiwepo huvitawanya haraka.

"Leo hapakuwa na upepo," alisema. "Tuliachiana nafasi inayotakiwa, lakini hewa ilikataa kuondoka. Ndiyo maana sikulazimisha kutua, nikapanda."

Nilimshukuru. Alinishika mkono na kiganja chake kilikuwa baridi. Akauliza mama anaendeleaje, nikamwambia mama anadhani tumetua vizuri sana. Alitabasamu, akasema tumwache hivyo hivyo.

Mdogo wangu alitupokea, akatupeleka nyumbani kwake Kiwalani. Nilimsimulia kando, akanielewa, tukakubaliana mama asijue mpaka tumrudishe Kitanga. Siku chache baadaye mama alipasuliwa jicho la kwanza, la kushoto, lile lisilo na presha. Alivumilia kama anavyovumilia kila kitu. Walimfunga bandeji nyeupe, akarudi nyumbani, akakaa barazani kwenye kiti cha plastiki akisikiliza mtaa.

Tatizo ni kwamba siri yetu ilikuwa na mtu wa tatu ambaye hakuambiwa kuwa ni siri. Mwenye duka, ambaye tulibadilishana naye namba za simu uwanjani, alikuja kumjulia hali mama. Alileta machungwa na kitenge kipya, akapiga magoti mbele ya kile kiti, akamshika mama mikono. Alisema hatasahau maisha yake yote jinsi bibi alivyomshika siku ile. Alisema amepanda ndege miaka mingi na hajawahi kuona jambo kama lile, kwamba yeye alikwisha kujihesabu ni maiti, na kwamba kuanzia sasa ataenda Kasulu na kurudi kwa treni na basi, ndege hatapanda tena. Alisema haya yote kwa Kiha kizuri. Nilikuwa jikoni namchemshia chai. Nilipotoka na vikombe nilikuta mama ameinamisha kichwa.

Mgeni alipoondoka, mama aliniita nikae karibu.

"Kumbe si hivyo inavyotua," alisema.

Nikamwambia hapana, si hivyo.

Alitaka aelezwe. Nilimweleza kama rubani alivyonieleza mimi, nikainua mikono kama mabawa, kisha nikakumbuka kwamba jicho moja limefungwa na jingine halioni, nikaishusha. Nilihangaika na vile vimbunga viwili. Kwa Kiha sikuwa na neno zaidi ya upepo, na mama alisema upepo usioonekana wakati hakuna upepo ni maneno ya kitabuni.  Ni yeye aliyetafuta mfano mwenyewe, kidole kikichora gotini.

Alinikumbusha baba. Baba alikuwa anapeleka ndizi mjini kwa baiskeli, mikungu imefungwa pande zote mbili. Njia ile ile hupita malori makubwa yanayopeleka vyakula kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Vijana wenzake lori likiwapita walikuwa wanaendelea kukanyaga pedali, na mara nyingine walijikuta mtaroni, baiskeli juu yao, wakati lori halikuwagusa hata kidogo. Ni ule upepo wa nyuma yake uliowavuta. Baba yeye alikuwa anashuka. Alisimama ukingoni akashika usukani mpaka vumbi litulie ndipo apande tena, na wenzake walimcheka kwa hilo.

"Ndivyo?" aliuliza.

Nilimwambia ndivyo hasa, ila kule juu hakuna vumbi la kukuonyesha kama limetulia au bado.

 Kisha ndege ikapita, kwa sababu Kiwalani ndege hupita juu ya nyumba zikielekea uwanjani, na nikaona mabega yake yanapanda. Tangu siku hiyo hofu ambayo haikumpata angani ilimpata barazani. Kila ngurumo ikija aliacha kuzungumza, akaacha hata kutafuna, mpaka ipite. Alianza kushika ukuta anapotembea, mahali ambapo juzi alikuwa hashiki. Usiku alimwomba mke wa mdogo wangu amwachie taa, ingawa taa kwake haikuwa na kazi. Akasema ataondoka na mwenye duka kwa treni. Mdogo wangu alijaribu kumsihi, akamtajia urefu wa njia na mitikisiko yake na jicho bichi. Mama akamjibu kwamba ardhi hata ikikuangusha inakudaka.

Sikubishana naye. Moyoni nilikuwa upande wake. Mimi mwenyewe nilikuwa nikifumba macho naliona lile beseni la bluu, na nilipoambiwa treni nilihisi nafuu ambayo sikumwambia mtu.

Kilichobadilisha mambo ni kufunguliwa kwa jicho. Daktari alitoa bandeji asubuhi, akamtaka mama aseme anaona nini. Mama alisema anaona kijana mwenye masikio makubwa. Daktari akacheka akakubali. Kisha mama alinigeukia mimi, akanitazama, akapitisha mkono kwenye nywele zangu hapa pembeni ambapo mvi zimeanza.  Alinitazama hivyo njia nzima ya kurudi, mpaka nikaona aibu kama mtoto.

Jioni yake alikaa tena barazani. Ngurumo ilipokuja aliinua kichwa, na safari hii aliiona. Ilikuwa ndege kubwa, taa zake zimewaka ingawa jua bado lipo, inashuka juu ya mabati taratibu kabisa. Alikunja shingo akaifuata mpaka ilipotoweka nyuma ya ukuta wa jirani. Akaniuliza ni kama ile? Nikasema ni kama ile. Akangoja. Tulingoja pamoja, nikidhani anangoja kitu kingine, chai pengine. Baada ya muda ikaja ndogo, ya pangaboi, kama yetu.

"Imechelewa," alisema.

"Inaiachia nafasi ile kubwa," nilimwambia.

Siku zilizofuata hiyo ndiyo ikawa kazi yake. Alikaa jioni nzima na jicho lake jipya akizitazama. Mwanamke mmoja anayeuza chapati jirani alizoea kumletea kigoda karibu na meza yake, kwa kuwa pale anga lilikuwa wazi zaidi, na wakawa wanazitazama wote, mmoja akipindua chapati na mwingine akitoa taarifa. Mama aligundua kwamba ndogo ikifuata ndogo huja upesi, na ndogo ikifuata kubwa huchelewa. Aligundua pia kwamba siku za upepo moshi wa mtaani hulala, na siku za utulivu husimama, na siku za moshi kusimama alikuwa anatazama kwa makini zaidi, midomo imebana. Siku moja ndege ndogo iliyokuwa inashuka ilipanda tena ghafla bila kutua, ikazunguka kuelekea baharini. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Yeye alinyanyuka kabisa kwenye kigoda. Tulisimama pale mpaka iliporudi, ikashuka sawasawa, ikapita.

Mama alikaa. Alisema yule dereva ameshuka kwenye baiskeli, akasubiri vumbi. Baadaye, wakati tunakunja nguo, akaniambia nimpigie mwenye duka simu nimwombee samahani, hatakwenda naye kwa treni.

Mwenye duka hakukasirika. Aliniambia, "Mwalimu, mimi siwezi. Nyinyi nendeni, Mungu awafikishe." Alisafiri kwa treni na mizigo yake, alifika Kasulu siku nyingi baada yetu, na mpaka leo husafiri hivyo. Mama hajawahi kumwambia abadilike. Akienda mjini hupita dukani kwake, hukaa nyuma ya kaunta wakanywa chai, na mara nyingi hurudi na kitenge ambacho hakukiomba.

Safari ya kurudi mama alidai dirisha. Kabla milango haijafungwa alimwita mhudumu, akaniambia nimtafsirie: anaomba rubani aulizwe kama kule tunakokwenda kuna ndege kubwa inayotangulia. Nilitaka kuona haya, lakini mhudumu alimsikiliza kwa heshima, akaenda mbele, akarudi na jibu kwamba rubani anamsalimia bibi, na kwamba Kigoma leo tuko peke yetu. Mama akaridhika. Alitazama nje njia nzima. Tulipoanza kushuka nilishika mkono wa kiti, na aliponiona alicheka, akasema nimtazame yeye kama nje pananitisha. Nilimtazama yeye. Mwanga wa ziwa ulikuwa usoni pake, na jicho la kulia, lile ambalo bado halijapasuliwa, lilikuwa linatoka machozi kidogo kama kawaida yake. Tulitua bila hata kutikisika.

Kitanga walimpokea kwa nyimbo za kanisani na pombe ya ndizi kwa wanaokunywa. Watoto wa ndugu walimzunguka wakitaka habari za Dar, na majirani walitaka kujua kuhusu ndege, maana habari zilikuwa zimeshafika kwa simu. Alisema atawasimulia. Lakini kwanza alizunguka nyuma ya nyumba kwenda kulitazama shamba lake la maharage, ambalo msimu mzima tulikuwa tukimwambia kwamba limepaliliwa. Alisimama ukingoni, akalitazama lote kwa jicho moja kutoka huku mpaka kule. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, ni nani aliyekuwa anampa taarifa za shamba hili, na akaagiza jembe.